Mkono wake si mkono wako

Mwezi huu nilishuka na SGR pale Ngerengere kumsalimia dada yangu, nikakuta nyumba nzima ina kesi moja tu: ganzi.

Dada ni mjamzito. Usiku anaamka anakung'uta mkono wa kulia. Kidole gumba, cha shahada, cha kati na cha pete vyote vimekufa ganzi. Shemeji, ambaye alishaugua hivyohivyo, anabisha: "Mimi cha pete kilikufa upande mmoja tu. Huyu anadeka, hataki kuosha vyombo!"

Hapana, shemeji. Neva za mkono zinatoka shingoni, kwa kawaida kwenye mizizi mitano. Wapo wanaopata nyuzi za ziada kutoka mzizi wa juu yake, wengine wa chini yake. Njiani nazo hupeana nyuzi. Mwaka 1763 Mswidi Roland Martin alieleza njia ya mkato kati ya neva mbili chini ya kiwiko. Takriban mtu 1 kati ya 5 anayo na wala hajui. Hata mikono miwili ya mtu mmoja huweza kutofautiana! Ni kama nyumba mbili za ramani moja: taa zote zinawaka, ila kila fundi kapitisha waya kivyake.

Kidole cha pete ndiyo mpakani. Kwa wengi, nusu ni ya neva ya kati, nusu ya neva ya upande wa kidole kidogo. Kwa wengine mpaka umesogea. Ujauzito nao huleta uvimbe unaoibana neva ya kati pale kwenye kifundo cha mkono. Dada haigizi.

Kwa hiyo wapendanao, mwenzako akisema ganzi, usimpime kwa mkono wako. Muulize: vidole vipi, saa ngapi, vitu vinamponyoka? Andikeni, mpelekeeni daktari au mkunga kliniki. Ganzi ikija ghafla pamoja na mdomo kupinda au maneno kukwama, hapo ni hospitali sasa hivi, huenda ni kiharusi.

Nanyi maharusi, kulaliana mkono usiku kucha nako kunabana neva, kiganja kikaamka kimelegea. Madaktari wameupa ugonjwa huo jina la fungate! Pendaneni, ila mto upo.

Tukutane mwezi ujao.