Mashine Haijasema Ununue Sensa

Kwenye kikao cha harusi wiki iliyopita, tukiwa tumeshapangiwa michango inayozidi kodi za nyumba za baadhi yetu, jirani yangu mmoja alisimama kueleza kwa nini ahadi yake itachelewa. Gari linamla. Taa ya injini iliwaka, akanunua sensa ya oksijeni, taa ikazima, kisha ikawaka tena. Sasa anatafuta hela ya sensa ya pili. Mjumbe mmoja akamuuliza kwa upole kama ana hakika ugonjwa ni sensa. Jirani akamtazama kwa huruma, akajibu: "Limepimwa kwenye mashine. Mashine haidanganyi."

Kikao kizima kikaitikia kwa vichwa. Mhazini naye akaitikia, mtu ambaye hakubali risiti ya maji ya kunywa bila kuigeuza mara mbili. Tukahamia kwenye bei ya ukumbi.

Hiyo ndiyo imani ninayotaka kuipiga leo. Watu wa mji huu ni wabishi. Tunabishana na konda kuhusu shilingi mia, tunabishana na daktari, tunabishana na mita ya umeme ya LUKU kila mwezi. Lakini kijana wa gereji akichomeka kidude chake chini ya usukani, skrini ikaandika herufi P na tarakimu nne, ubishi wote unaisha na pochi inafunguka.

Baada ya kikao nilimwomba jirani afungue bonneti. Gari lake ni Toyota IST, kama la nusu ya wakazi wa Dar es Salaam. Namba aliyosomewa anaikumbuka kwa kichwa: P0171. Maana yake ni kwamba mchanganyiko wa petroli na hewa umekuwa mwepesi, hewa imezidi. Basi. Namba hiyo haitaji spea yoyote. Nikashika ule mpira mnene wenye mikunjo unaotoa hewa kwenye boksi la chujio kuipeleka injini, nikaukunja kidogo kwa vidole. Katikati ya mikunjo, upande wa chini ambako jicho halifiki, ufa ukafunguka, na kidole changu kidogo kikaingia.

Hebu tuifuate hewa yenyewe. Kwenye boksi la chujio kuna sensa inayopima hewa inayoingia, na kompyuta inatoa petroli kulingana na kipimo hicho. Mpira ukipasuka baada ya sensa hiyo, injini inavuta hewa ya ziada ambayo haikupimwa. Sensa ya oksijeni, iliyokaa kwenye ekzosi, inaona oksijeni nyingi kwenye moshi na kuijulisha kompyuta. Kompyuta inaongeza petroli, inaongeza tena, hadi inafika ukomo wake na hewa bado inazidi. Hapo inaandika P0171 na kuwasha taa. Kwa hiyo ile sensa iliyong'olewa na kutupwa ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi yake vizuri kuliko kila mtu aliyeligusa gari lile.

Nikamwonyesha jirani ule ufa. Akauangalia, akafikiri, akasema: "Lakini mashine haikutaja mpira."

Itautajaje? Mpira hauna waya! Kompyuta ya gari inajua kile tu kinacholetwa na waya. Pete za pistoni zilizolika hazina waya. Bushi zilizokufa hazina waya. Petroli iliyochakachuliwa haina waya, na chujio lililojaa vumbi la barabara zetu halina waya. Mbwa akibweka usiku amekwambia kuna kitu uani. Hajakwambia kama ni mwizi, paka, au shemeji aliyechelewa kurudi. Ni wewe wa kutoka na tochi. Sisi tumeacha kutoka na tochi, tunanunua mbwa wa pili.

Nimewahi kumwona mtu analeta gari linalogonga chini kila likipita kwenye tuta, na fundi, bila hata kuinama, akachomeka mashine. Mashine ikasema hakuna hitilafu. Mwenye gari akaondoka ameridhika, huku gari linagonga.

Tena mfumo huu wa gari kujipima na kutoa namba haukubuniwa kwa ajili ya kukuuzia spea kwenye maduka ya Gerezani. Ulizaliwa na moshi wa California. Mamlaka ya hewa ya jimbo lile ilizitaka gari mpya kuanzia zile za 1988 zijichunguze zenyewe na kuwasha taa pale mitambo ya kudhibiti moshi inapoharibika. Kufikia 1996, gari zote ndogo mpya zilizouzwa Marekani zililazimika kuwa na mfumo wa aina moja, wenye soketi ya matundu 16 na namba zinazofanana kwa watengenezaji wote. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa gari za petroli. Hoja ilikuwa moshi. Kumsaidia fundi kulikuja kama nyongeza, na fundi aliyekusudiwa ni yule ambaye akishaona namba anaanza kupima.

Mafundi wa namna hiyo tulikuwa nao. Kwenye Toyota Mark II na Corolla za miaka ya tisini kulikuwa na kiboksi kidogo chini ya bonneti. Fundi alichukua kipande cha waya, akaunganisha tundu la TE1 na la E1, akawasha swichi bila kupiga starta, akakaa kuhesabu taa ya dashibodi ikipepesa. Mbili, kimya kidogo, moja: hiyo ni 21, njia ya sensa ya oksijeni. Hakukimbilia dukani. Alichukua mita, akafuata waya kutoka sensa hadi kompyuta, akatikisa soketi, akanusa ekzosi. Alijua kwamba 21 inataja njia nzima, na kwamba njia ina waya, ina kutu na ina viungo. Leo kijana ana simu yenye programu na kidude cha Bluetooth, anasoma namba kwa sekunde chache, halafu akili yake inaishia hapo. "Bosi, sensa imekufa." Na ukirudi taa ikiwa imewaka tena, kosa si lake, ni la mashine. Nadhani hapo ndipo ilipo siri ya umaarufu wa mashine: haidaiwi hela na mtu.

Kuna wanaonijibu kwamba Wajerumani na Wajapani waliotengeneza kompyuta hizi si wajinga. Kweli kabisa. Mwaka 2015 Wajerumani wa Volkswagen walikamatwa wakiwa wameziwekea programu gari za dizeli takriban milioni 11 duniani, ili zitambue zinapopimwa moshi na kujifanya safi. Hawakuwa wajinga hata kidogo. "Mashine haidanganyi," anasema jirani yangu.

Wauzaji wa magari yaliyotumika nao si wajinga. Kabla hujafika kukagua, namba zinafutwa na taa inazima. Kwa hitilafu nyingi kompyuta haiwashi taa hadi izione katika safari mbili, kwa hiyo taa inakusubiri hadi ushalipa. Wengine wanang'oa balbu yenyewe. Fungua swichi kabla ya kupiga starta: taa ya injini isipowaka pamoja na wenzake, rudisha ufunguo. Na ukienda na mashine, usiulize namba tu. Uliza kama kompyuta imemaliza majaribio yake. Ikiwa hayajakamilika, huenda betri ilifunguliwa karibuni au mtu amefuta namba.

Hata kwako, usikubali namba zifutwe kabla hazijaandikwa mahali. Kompyuta ikiwasha taa huhifadhi hali ya gari ya dakika ile: mwendo, mzunguko wa injini, joto la maji. Fundi akianza kwa kufuta, ametupa maelezo bora aliyokuwa nayo. Na ukisomewa P0420 ukaambiwa masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi, yameisha, yatolewe, uliza kwanza kama ekzosi imetoboka au plagi hazichomi. Uliza pia masega hayo yanabaki kwa nani, maana ndani yake kuna platinamu na paladiamu, na wapo wanaojua bei yake kuliko wanavyojua kufunga mkanda wa feni.

Kwa hiyo ukitajiwa spea, mwambie fundi akuonyeshe alichopima baada ya kusoma namba, na alipima kwa kitu gani. Kama jibu lake ni "mashine imesema", mlipe hela ya kusoma, funga bonneti, uondoke.