MAARIFA YA NYUMBANI: Kisima Hupimwa Kabla ya Kununua Pampu

Kuanzia Diani mpaka Msambweni, wako watu wengi wenye visima vyao wenyewe, penye nyumba au shamba. Mwenye kisima akichoka kuteka kwa ndoo na kamba, hufikiri kununua pampu ndogo ya petroli, kuifunga juu ya kigari cha mkono, na kuitumia leo kujaza tangi la nyumbani, kesho kumwagilia mboga. Fikira hiyo ni njema. Lakini kabla ya kutoa fedha hana budi kujua jambo moja: kutoka mdomo wa kisima mpaka uso wa maji ni mita ngapi?

Kipimo chenyewe ni kamba na jiwe. Wakati ufaao ni mwisho wa kaskazi, kabla ya mvua za masika, maji yanapokuwa yameshuka. Ikiwa kamba iliyo kavu haizidi mita 7, yaani karibu pima nne, pampu ya kuvuta itafaa. Ikizidi hapo, haitafaa, hata injini iwe na nguvu kubwa namna gani.

Sababu yake ni hii. Pampu ya namna hiyo haiyashiki maji na kuyainua. Huondoa hewa iliyomo ndani ya mpira, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Uzito huo hauwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi, nao hupungua kazi kwa sababu ya viungo vinavyovuja na msuguano wa maji katika mpira. Ndiyo maana mafundi huhesabu mita 7 tu.

Kwa kisima kifupi, kazi ya kuunda mtambo si ngumu. Fundi wa kuchomelea hutengeneza fremu ya vyuma vya pembe yenye magurudumu mawili na mikono miwili, na pampu hufungwa kwa bolti juu ya vipande vya mpira ili mtetemo usilegeze nati. Mpira wa kuvutia uwe mgumu, usiobonyea. Ncha yake itiwe chujio na valvu ya kuzuia maji kurudi. Kabla ya kuwasha injini, pampu hujazwa maji, kwani ikizunguka kavu huharibika. Aishiye karibu na ufuo asivute kwa pupa: huko maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari, na kisima kikivutwa kwa nguvu chumvi hupanda.

Hatari huanza pale kisima kinapozidi kina. Mtu amekwisha nunua pampu, maji hayaji, naye huona dawa ni kuiteremsha injini ndani ya kisima ili iyakaribie maji. Jambo hili limeua watu katika nchi nyingi. Moshi wa petroli una hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliye chini hulegea kabla ya kutambua, na ndugu anayeshuka kumwokoa humfuata. Taa iliyoteremshwa kisimani haitoi onyo, maana huweza kuendelea kuwaka penye sumu hiyo. Basi injini isiingie kisimani kamwe, na hata juu iwekwe mahali ambapo upepo hautapeleka moshi mdomoni mwa kisima.

Mwenye kisima kirefu ana dawa nyingine, nayo inajulikana sana Kwale. Katika miaka ya 1980 pampu ya mkono iitwayo Afridev, ambayo chanzo chake kilikuwa Malawi, ilijaribiwa na kuendelezwa katika vijiji vya pwani ya kusini. Silinda yake hukaa chini ndani ya maji, na pistoni huyasukuma kutoka huko, kwa hiyo hufanya kazi mpaka mita 45. Iliundwa ili ifunguliwe kwa spana moja, na pistoni itolewe bila ya kung'oa bomba lote. Wanakijiji, wanawake miongoni mwao, walifundishwa kuitunza wenyewe. Pampu ya umeme inayozamishwa majini hufuata kanuni iyo hiyo: husukuma kutoka chini badala ya kuvuta kutoka juu.

Kwa hiyo mwenye kisima aende dukani akiwa na kipimo chake mkononi. Muuza duka atamweleza bei na nguvu za injini, lakini kina cha kisima hakijui. Kamba na jiwe havina gharama, navyo huokoa fedha, na pengine roho ya mtu.