Maziwa Hayaoshi Mapafu

Wadau, leo nina hasira, na hasira yenyewe inaanzia kwenye glasi ya maziwa.

Wanaonifahamu wanajua kuwa wikiendi huwa naweka kalamu chini na kugeuka seremala. Nina kibanda cha mabati uani, nina randa, msumeno na kimashine cha umeme cha kupigia msasa. Natengeneza rafu za vitabu, stuli na vimeza. Wengine wana bia, mimi nina mbao. Aliyenifundisha ni fundi mmoja wa Keko, hapa Dar, na somo lake kuhusu vumbi lilikuwa fupi: ukimaliza kazi kunywa maziwa, yanasafisha kifua. Nikaamini. Mimi, mwenye shahada ukutani!

Jumapili iliyopita nilipiga msasa meza ya mninga mchana kutwa. Usiku mpwa wangu wa miaka 4, mwenye pumu, akabanwa kifua. Dirisha lake linatazamana na kibanda changu. Tulikesha naye, mama yake akimpulizia dawa, mimi nimesimama tu kama mlingoti. Asubuhi nikapitisha kidole dirishani: vumbi la kahawia, laini kama poda. Nitafute mchawi gani mwingine?

Sasa tuambiane ukweli. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi linakwenda mapafuni. Njia hizo zinaachana kooni, na hakuna ng'ombe aliyewahi kutoa maziwa yanayojua kukata kona pale.

Maranda yaliyolala sakafuni hayana neno. Adui ni lile vumbi la msasa usiloliona. Unywele mmoja una unene wa kama mikroni 70, yaani milimita 0.07. Chembe zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu hazifiki hata mikroni 10, nazo huendelea kuelea muda mrefu baada ya mashine kuzimwa.

Mtasema ni woga wa wasomi. Miaka ya 1960 watafiti wa Uingereza waligundua saratani ya pua ikiwaandama watengeneza samani wa eneo la High Wycombe. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, likaliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi lenye tumbaku na asbesto. Ni kweli, wale walilivuta kazini kwa miaka mingi, si Jumapili kwa Jumapili. Lakini pumu haisubiri miaka mingi. Ilisubiri hadi saa nane za usiku tu.

"Mimi navaa barakoa." Ya kitambaa? Vaa N95, inayochuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, tena ikae vizuri usoni. Ndevu zinaifungulia mlango. Hata hivyo barakoa inakulinda wewe. Mtoto aliyelala chumba cha pili inamlinda na nini?

Hoja yangu ni moja: vumbi likamatwe linapozaliwa, kabla halijaruka. Mwenye uwezo aunganishe kifyonza vumbi chenye chujio la HEPA kwenye mashine ya msasa. Asiye na uwezo anoe randa yake vizuri, maana randa kali inatoa maranda na kupunguza kazi ya msasa. Kinachobaki kipigwe msasa nje, mbali na madirisha, ya kwako na ya jirani, upepo ukielekea kusiko na watu. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi. Ufagio mkavu unalirudisha vumbi hewani, na kompresa ndiyo kabisa. Badili nguo kabla ya kumbeba mtoto. Hayo yote, ukiacha kifyonza vumbi, hayazidi gharama ya maziwa ya mwezi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Niliwahi kuandika habari kali kuhusu kiwanda kilichowamwagia wakazi vumbi. Nilimbana meneja kwa maswali, nikadai awajibike, nikapongezwa chumba cha habari. Kumbe uani kwangu kuna kiwanda kingine, hakina hata chujio, na meneja wake ndiye huyu anayewaandikia.

Mwenye hoja ya kuyatetea maziwa na ailete. Naomba kuwasilisha.