Chungu cha Biashara na Kuni za Samuye

Basi litokalo Mwanza kwenda Dar es Salaam likishaiacha Shinyanga mjini hupita Samuye kabla ya kufika njia panda ya Tinde. Abiria aliye dirishani huona migunga, majaruba ya mpunga, makundi ya ng'ombe na vibanda vinavyofuka moshi. Moshi ule ni wa akina mama wenzetu. Asubuhi ni chai na chapati, mchana wali na maharage, jioni ugali na dagaa. Wengi wao wameolewa na wana watoto, na sare za shule, madaftari na dawa hutoka humo humo kwenye sufuria.

Huko duniani wenye mahoteli na wataalamu wa chakula wanaumiza vichwa: watawalishaje wageni bila kumaliza misitu, samaki na maji? Mama lishe wa Samuye hajaalikwa kwenye mikutano hiyo, lakini swali ni lake pia, na majibu mengine anayo yeye.

Chukua habari ya kutupa chakula. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2024 kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni moja na zaidi za chakula, karibu sehemu moja katika kila tano za chakula kilichowafikia walaji. Ungedhani wakosaji wakubwa ni mahoteli. La hasha! Majumba ya kula yalichangia asilimia 28, maduka asilimia 12, na asilimia 60 iliyobaki ilitoka majumbani, yaani katika majiko kama yako na yangu. Mama lishe hatupi ovyo, maana kila punje ni mtaji wake. Ukoko huliwa, maharage ya jioni huchemshwa tena alfajiri, na makombo huenda kwa kuku au nguruwe wa jirani. Tunakotupa ni kwenye sherehe zetu. Harusi, ubatizo au kipaimara, sahani inajazwa mlima, mgeni anakula nusu, na wali unamwagwa nyuma ya hema huku watoto wa jirani wakichungulia uani. Kwenye Injili, umati ulipokwisha kushiba, mabaki yalikusanywa vikapu kumi na viwili. Kamati zetu za chakula zingeteua mama wawili wa kusimamia vikapu tu, ningefurahi kuliko kuona kitambaa kipya cha meza kuu.

Tatizo letu kubwa ni moto.

Wazee wa Usukuma wanakumbuka nchi hii ilivyokuwa imevuliwa nguo. Tangu miaka ya 1920 vichaka vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970 malisho ya akiba yakakosa mwangalizi. Shinyanga ikafikia kuitwa jangwa la Tanzania. Akina mama walikwenda mwendo mrefu kutafuta kuni, na waliozikosa wakapikia samadi na mabua ya pamba. Hapo ndipo serikali ilipoanzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986. Busara ya mradi ule ilikuwa kurudia desturi ya Wasukuma wenyewe, ngitili, yaani kutenga sehemu ya ardhi ili nyasi na miti ipumzike mpaka kiangazi. Mashina yaliyokuwa hai chini ya ardhi yalichipua yenyewe, na mikutano ya dagashida ikatoza faini walioingiza ng'ombe au shoka. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimepita hekta laki tatu. Utafiti wa Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN, uliotolewa mwaka 2005, ulikadiria kwamba ngitili zilimpatia kila mtu faida ya kama dola 14 za Kimarekani kwa mwezi: kuni, nguzo, malisho, asali, dawa, matunda na uyoga.

Sasa tafakari, mama. Miti iliyorudishwa kwa jasho la miaka kama 20 inaweza kuishia kwenye magunia ya mkaa kwa misimu michache. Tanuri la udongo linalochomwa porini hula kilo sita mpaka kumi za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na zaidi kama mchomaji ni mwanagenzi. Soko halina mwisho: miji ya Shinyanga na Kahama inakua, na upande wa Geita wachimbaji wadogo wanahitaji magogo ya kushikilia kuta za mashimo yao, na wanahitaji pia kula. Panapozuka dhahabu, watu hufika leo na mama lishe kesho, na vichaka vya karibu havichukui muda kwisha. Tena ngitili nyingi za nyumbani huhesabiwa kuwa za baba. Yeye ndiye anayeamua kuiuza miti, na mama ndiye anayerudi kutembea mwendo mrefu kutafuta kuni. Jambo hili lizungumzwe mezani kabla mnunuzi wa mkaa hajafika na fedha mkononi. Fedha ikishaonekana, mazungumzo huwa mafupi sana.

Nikiwa hapo Geita, niseme neno moja kali. Wako wanaochoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki jikoni, kwenye kikaango kile kile na juu ya mkaa ule ule unaopikia uji. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki, lakini huingia mapafuni, huharibu mishipa ya fahamu, na humdhuru hata mtoto aliye tumboni. Mume, kaka au mpangaji akitaka kuchomea jikoni kwako, mkatalie. Chombo kilichochomewa zebaki hakirudi tena kwenye chakula hata ukikisugua kwa mchanga siku nzima.

Moshi wa kuni nao si rafiki. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa, iliua watu milioni 3.2, na kati yao watoto chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Mama anayepikia biashara hukaa motoni tangu alfajiri hadi usiku, mara nyingi na mtoto mgongoni. Kikohozi cha mtoto yule tunakiita mafua ya vumbi, kumbe ni kichomi kinapiga hodi.

Serikali imeliona jambo hili. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziliagizwa kuacha kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024. Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na mwezi huo huo, katika mkutano wa Paris ambao Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wake, ziliahidiwa dola bilioni 2.2 kwa ajili ya majiko ya Afrika. Ni habari njema. Lakini ahadi ya Paris haijazi mtungi wa Samuye. Mkaa unanunulika kwa kopo, gesi hainunuliki kwa kopo, na hapo ndipo mama mwenye mtaji mdogo anapokwama. Tusimcheke anayepewa mtungi wa bure kwenye sherehe halafu ukakaa mtupu chini ya kitanda. Aliyempa alisahau kuuliza atajaza kwa fedha gani.

Kwa hiyo tufanye linalowezekana leo. Gesi, kama unayo, itumie kwa mapishi ya haraka: chai, mayai, kukaanga mboga. Maharage na makande yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, na utakuta muda wa kuchemsha umepungua sana. Kuni zikauke kabisa na zipasuliwe vipande vyembamba, maana gogo bichi huchemsha maji yake lenyewe kabla ya kuchemsha ya kwako. Mafiga matatu yasiyokingwa hupoteza sehemu kubwa ya moto pembeni. Jiko banifu la udongo, ambalo mama yeyote aliyewahi kukandika nyumba aweza kulijenga, huushika moto chini ya sufuria. Wali nao, ukishachemka dakika chache, uhamishie sufuria pamoja na mfuniko wake ndani ya kapu lililojazwa sufi au mablanketi chakavu, lifunike vizuri, nao utaiva bila moto wakati wewe unahudumia wateja. Na kama umeme umefika kwako, sufuria ya presha ya umeme hupika kilo ya maharage kwa chini ya yuniti moja. Bei yake ni kubwa kwa mtu mmoja, lakini kikundi cha kuweka na kukopa kinaweza kumnunulia kila mwezi mwanachama mmoja.

Kuna jambo jingine, nalo ni chapati. Ngano nyingi tunayokula Tanzania hutoka nje, na mwaka 2022, vita ilipozuka Ukraine, bei ya unga na ya mafuta ya kula ilitikisa vibanda vyetu huku hatujui hata Ukraine iko upande gani. Sisi wa Usukuma tuna michembe na matobolwa. Viazi vitamu vya msimu, ambavyo vingeoza shambani, hukatwa na kuanikwa vibichi vikawa michembe, au huchemshwa kwanza kisha vikaanikwa vikawa matobolwa, na vinakaa miezi. Kunde nazo hutupa nsansa, majani yanayoanikwa na kupikwa na karanga wakati wa kiangazi mboga ikiadimika. Jua ndilo lililofanya kazi yote, wala hakuna kuni iliyoungua kuvihifadhi. Kwa nini abiria asipate kikombe cha chai na kisahani cha matobolwa na karanga? Wengine wataona haya kukiuza wakidhani ni chakula cha njaa. Mimi naona haya hiyo ndiyo inayotugharimu, kwa sababu msafiri wa mjini hulipa vizuri kwa kitu asichokipata kwake.

Kabla hujabadili chochote, nunua daftari dogo. Kwa wiki moja andika kila kopo la mkaa au mzigo wa kuni ulionunua, na saa ulizotumia kuzifuata kama hukununua. Andika pia sahani ulizouza. Jumapili jioni, watoto wakishalala, zijumlishe pamoja na baba yao, gharama ya moto kwa kila sahani. Kisha ulizeni bei ya kujaza mtungi mdogo wa kilo sita, ugawe kwa siku ambazo jirani mwenye gesi humtosha. Hesabu hiyo hiyo ipelekwe kwenye kikundi siku ya kuweka hisa, kila mmoja na daftari lake.