BUNGE NA MAHAKAMA: NANI AMTII NANI?

Ndugu Wafanya kazi,

Katiba ya 2010 yasema wazi: katika mabaraza ya kuchaguliwa, jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilisema jambo hilo litimizwe kidogo kidogo, mwisho Agosti 2015. Agosti ikapita. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikawapa Wabunge siku 60, nazo zikapita. Septemba 21, 2020, Jaji Mkuu David Maraga, mtoto wa Nyamira, akamshauri Rais alivunje Bunge. Mahakama Kuu ikausimamisha ushauri huo, na Wabunge wakamaliza muda wao na mishahara yao.

Wako wasemao kwamba mahakama haiwezi kuwachagulia watu Wabunge. Neno hilo lina uzito. Lakini Katiba nayo ilipigiwa kura na watu hao hao.

Jambo hili latuhusu sana. Kifungu cha 41 chatupa haki ya kuwa na chama na haki ya kugoma. Siku tutakapomshinda tajiri kortini, naye akaikalia hukumu, tutamwambia nini, ikiwa Bunge lenyewe lafanya vivyo hivyo?

Mwaka 2022 majimbo 13 ya Kisii na Nyamira yalichagua wanaume 13. Je, wachumao chai Kebirigo na Nyansiongo ni wanaume watupu? Agosti 2027 wagombea watakuja kuomba kura. Aulizwe kila mmoja, mbele ya watu: sheria hiyo ataiunga mkono au hapana?