Kazi ya kompyuta nayo ina jasho lake



Katika vikundi vyetu hapa Bunia, mama akitangaza kwamba mtoto wake amepata kazi ya kompyuta, tunapiga vigelegele. Tuna sababu. Mtoto hatashika jembe wala kwenda kuchimba dhahabu Mongbwalu. Atakaa kivulini, kwenye kiti, na mwisho wa mwezi atapata mshahara. Sisi walimu tunawahimiza wanafunzi wajifunze kompyuta, na tutaendelea kuwahimiza. Lakini kivuli na kiti havitoshi kutuambia kama kazi ni nzuri.

Tuangalie Nairobi, Kenya, ambako vijana wa nchi nyingi za Afrika wamefanya kazi za namna hiyo. Kampuni iitwayo Sama ilipewa kazi na Meta, kampuni kubwa ya Marekani yenye Facebook. Vijana walikaa mbele ya kompyuta, wakatazama picha na video zilizotumwa na watu, ili waondoe zile mbaya. Ndiyo kusema, siku kwa siku waliona watu wakichinjwa na watoto wakiteswa. Mwaka 2022 gazeti la Time la Marekani liliandika kwamba baadhi yao walibaki na dola 1.50 tu kwa saa.

Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, alikuwa mmoja wao. Mwaka 2019 aliwaunganisha wenzake wadai mshahara bora. Kampuni ikamfukuza, ikisema amehatarisha uhusiano wake na mteja. Mwaka 2022 alikwenda mahakamani. Januari 2023 Sama ikatangaza kwamba inaacha kazi hiyo, na vijana wapatao 260 wakaambiwa watapoteza kazi. Mwaka huo huo, 184 walishitaki. Tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakaamua kuunda chama chao. Meta ilisema mahakama za Kenya haziwezi kuihukumu, lakini Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilisema kesi iendelee. Daktari aliyewapima alikuta zaidi ya 140 wana ugonjwa wa akili unaotokana na mambo ya kutisha waliyoyaona.

Ugonjwa huo hatuhitaji kufundishwa. Sisi wa Ituri tunajua kwamba macho yakiona damu, usingizi unakimbia. Tofauti ni kwamba vijana wale walikuwa wametia sahihi karatasi ya kutunza siri ya kazi. Mtoto anarudi nyumbani kimya, hali chakula, na mama anadhani ni kiburi cha mshahara.

Basi, mtoto akileta karatasi ya kazi, tusikimbilie kushangilia. Tukae naye na kumuuliza: Kazi yenyewe ni kufanya nini, kutoka saa ngapi mpaka saa ngapi? Mshahara ni kiasi gani baada ya makato yote? Akiugua, nani atalipa daktari? Ni mambo gani anakatazwa kusema, na je, anaweza kutuambia sisi wazazi anapoumia? Karatasi nyingi hapa kwetu zinaandikwa kwa Kifaransa kigumu. Mama asiyekielewa asione haya, amwombe mwalimu au mtu anayemwamini amsomee kabla mtoto hajatia sahihi.

Hapa Kongo tuna sheria pia. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inasema saa za kazi zisizidi 45 kwa wiki, na mfanyakazi ana ruhusa ya kuingia chama cha wafanyakazi. Akionewa, anaweza kupeleka malalamiko kwa inspekta wa kazi.

Kuna wazazi wanaomwambia mtoto, "Vumilia, wengine hawana hata hiyo." Tunaelewa njaa inayosema maneno hayo. Lakini Motaung alifukuzwa, na walipokuwa 184 mahakama iliwasikiliza. Kidole kimoja hakivunji chawa. Sisi wenye vikundi vya kuweka akiba tumejua hivyo siku nyingi. Tuwafundishe na watoto wetu wanaokwenda kukaa mbele ya kompyuta.