Kabla Hujatuma Hela ya Mfuko wa Kokoto za Vito, Jiulize Swali Moja

Wadau, kuna dada mmoja staa, jina tuliweke kiporo, ana wafuasi wa kutosha. Juzi kaingia laivu na mfuko wa kokoto, beseni la maji na chekeche. Anamwaga, anasuuza, anachambua, akiona kijiwe chenye rangi anapiga kelele utafikiri kashinda jekipoti. Mioyo inapanda kwenye skrini, komenti hazisomeki kwa kasi. Mwishoni kaweka namba ya muuzaji: mfuko elfu hamsini, mzigo mbichi wa vito kutoka Kagerankanda, Kigoma, "bahati yako imo humo".

Mimi sina shida na raha ya mtu. Kuchambua kokoto ni kitu kitamu kweli, simu unaweka pembeni na macho yanafanya kazi. Shida yangu ni hiyo "bahati yako imo humo".

Mchezo huu Marekani upo miaka mingi. Jimbo la Montana wana safaya kwenye changarawe, na kuna watu wanauza changarawe hiyo kwa ndoo na kwa mifuko, familia zinakaa mezani kuchambua. Kule inaingia akilini. Kibarua wa Marekani ni ghali, ukimlipa mtu ashinde kutwa akitafuta vijiwe vidogo faida inaweza kuisha yote. Kwa hiyo mwenye changarawe anakuuzia wewe ile kazi, na wewe unaiita wikiendi. Na kuna sehemu za utalii huko huko ambako ndoo hukolezwa vijiwe vya kununua, ili mtoto asirudi nyumbani analia.

Sasa njoo Bongo. Mererani kuna akina mama wanaitwa wachekechaji. Wanashinda juani wakichekecha udongo ambao wachimbaji wameshautupa, wakitafuta vipande vilivyoponyoka. Geita wananchi walililia magwangala, yale mawe mabaki ya mgodi mkubwa wa dhahabu, mpaka mwaka 2016 Rais Magufuli akaagiza wapewe. Nchi hii watu wanagombania hata kilichokwisha kutupwa.

Ndiyo maana nasema jiulize swali moja tu: kama kwenye huo mfuko kuna jiwe la milioni, aliyeuza kakosa nini mpaka asichambue mwenyewe? Mikono anayo. Shangazi zake wapo. Vijana wa kijiweni ukiwapa chai na buku kadhaa wanachambua mpaka jioni. Montana wanauza kabla ya kuchambua kwa sababu kuchambua ni gharama. Hapa kwetu kuchambua ni rahisi, kwa hiyo mfuko unaokufikia wewe Sinza ama umeshachambuliwa, ama haukuwahi kuwa na kitu, ama umekolezwa vijiwe vya rangi ili upige kelele kwenye kamera.

Ukiona ndani kuna vijiwe vilivyong'arishwa, laini kama pipi, hivyo vimepita kwenye mashine. Ukiambiwa ni kokoto za mtoni zenye tanzanaiti, kimbia. Tanzanaiti inachimbwa Mererani peke yake, inatoka kwenye miamba chini ardhini, na tangu 2018 eneo lile lina ukuta wa kilomita 24.5 na watu wanakaguliwa getini. Changarawe ya vito kweli tunayo, Tunduru kwa mfano, ila wenyewe wa Tunduru hawajalala wakikusubiri wewe.

Halafu kuna sheria, ambayo staa wetu hakuigusa kabisa. Madini hayauzwi kama mitumba. Sheria ya Madini inataka leseni kwa anayechimba na kwa anayefanya biashara, na tangu 2019 kuna masoko ya madini rasmi. Mtu anayekuuzia "mzigo mbichi wa vito" kwenye DM, muulize namba ya leseni. Akileta hadithi umepata jibu. Na bahati mbaya ukikuta jiwe la maana kweli, utaliuza wapi bila karatasi?

Najua utaniambia, "Mbona Laizer alitoboa?" Ndiyo, Juni 2020 Saniniu Laizer aliuza serikalini mawe mawili ya tanzanaiti, moja kilo 9.27 na lingine kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.7. Lakini Laizer ni mchimbaji mwenye leseni na mgodi wake, na ana watu waliokuwa wanashuka chini kila siku. Hakufungua mfuko sebuleni.

Kinachoniuma zaidi ni jina la Kagerankanda. Watu wa Kasulu wanaijua kwa mahindi, maharage na mihogo, na kwa mvutano wa muda mrefu kati ya wakulima na hifadhi ya msitu. Leo staa anatangaza vito huko bila kuonyesha hata picha ya shimo. Kijana wa Kibondo au Kasulu akiona jina la kwao kwenye laivu anaamini haraka kuliko wewe wa Dar. Anaweza kuuza gunia la maharage akanunue mifuko, au akabeba sururu kuingia msituni. Yeye ndiye atakayekamatwa. Staa atakuwa ameshahamia kwenye tangazo la mawigi.

Kwa hiyo dada yetu, kama umelipwa, sema umelipwa. Andika tangazo, watu wazima watajiamulia. Na wewe mdau, ukitaka kununua nunua, ila hesabu hiyo elfu hamsini kama kiingilio cha shoo: ukitoka ukumbini hudai chenji. Kama mawe umeyapenda kweli, Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania wanafundisha kukata na kung'arisha vito. Ukitoka pale unaweza kumtambua tapeli kwa kuangalia tu kiganja chake.

Kwenye biashara hii ya mifuko, mwenye uhakika wa kula ni anayeuza kokoto. Wengine wote wanachambua.

Wewe ungenunua? Au umeshanunua ukakuta nini? Tiririka hapo chini, matusi hapana.